Baruti haina VAR: Makosa matano ya wanaoanza kujaza risasi upya

UKIPANDA treni ya Kigoma kutoka Tabora mjini, ukazipita Urambo na Kaliua, unafika Usinge. Ni nchi ya tumbaku, asali na miombo, na huku neno gobole halihitaji kufafanuliwa. Wazee wa njia hii walijua kushindilia bunduki kwa mkono tangu enzi za misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji. Baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha goroli, na mdeki wa kubana mzigo wote.

Wengi hawajui kwamba kazi hiyo bado ipo kwenye michezo mwaka huu, tena kwa wachezaji wa kimataifa. Katika shabaha ya bastola, mashindano yanayosimamiwa na IPSC, shirikisho lililoanzishwa Marekani mwaka 1976, wapiga shabaha wengi huokota maganda waliyotumia, wanarudi nyumbani na kuyajaza upya. Wanaookota ni wazoefu. Wanaoumia mara nyingi ni wanaoanza.

Kabla ya kwenda mbele, jambo moja liwekwe wazi. Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni. Kwa hiyo haya si ya kujaribu nyuma ya nyumba. Ni ya kumfanya shabiki auelewe mchezo, na kumfanya kijana anayelala na gobole la urithi uvunguni ashtuke mapema.

Kwa nini wanajaza wenyewe?

Sababu ya kwanza ni hela. Mpiga shabaha anayejifua vizuri anamaliza mamia ya risasi kwa wiki, na ganda la shaba ndilo sehemu ya gharama inayoweza kutumika tena.

Sababu ya pili ni sheria za mchezo. Kwenye mashindano ya IPSC waamuzi huchukua risasi za mchezaji na kuzipima mwendo kwa mashine. Uzito wa kichwa cha risasi kwa kipimo cha greni huzidishwa na mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa 1,000. Jibu likiwa chini ya 125, mchezaji anaweza kuendelea kupiga lakini alama hazihesabiwi. Ni sawa na timu kucheza dakika 90 na mchezaji asiyesajiliwa. Unaweza kufunga mabao yote, mezani huna kitu.

Ndiyo maana mjazaji anataka risasi inayomfaa yeye na bastola yake. Hapo ndipo anayeanza anapopigwa chenga.

Kosa la kwanza: Ganda halijarudi umbo

Risasi ikilipuka, ganda hutanuka. Lazima lipitishwe kwenye kalibu ya chuma ili lirudi kipimo chake. Baada ya hapo mdomo wake hupanuliwa kidogo ili kichwa kipya kiingie, halafu hubanwa tena.

Anayeanza husahau kubana, au hubana nusunusu. Matokeo yake risasi inagoma kuingia chemba, na bastola haifungi. Jamaa anaanza kuilaumu bastola.

Dawa yake ni rahisi. Bastola ikiwa tupu, mtutu hutolewa pembeni na risasi hudondoshwa ndani yake. Inapaswa kuzama kwa uzito wake yenyewe, na ukiugeuza mtutu itoke bila kuvutwa. Isiyofanya hivyo haiendi uwanjani.

Kosa la pili: Fataki imekaa juu

Fataki ni kile kidude cha duara kwenye kitako cha risasi, ndicho kinachopigwa na sindano na kuwasha baruti. Isipozama sawasawa, pigo la kwanza huishia kuisukuma tu. Risasi hailipuki. Ikipigwa mara ya pili inalipuka, na anayeanza anabaki kushangaa.

Wazoefu hupitisha kidole kwenye kitako cha kila risasi. Fataki ikiguswa imejitokeza, risasi hiyo inawekwa kando.

Na risasi ikigoma kulipuka, hakuna kuigeuza bastola ili uchungulie. Mtutu unabaki umeelekea kwenye shabaha, angalau sekunde 30, kwa sababu fataki inaweza kuwaka kwa kuchelewa.

Kosa la tatu: Ganda bila baruti

Hili ndilo linaloharibu mikono. Mjazaji kaongea na simu, karuka ganda moja, kaweka kichwa juu yake. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu, lakini haiwezi kukitoa. Mlio unakuwa mdogo, "puu", na mkono hausikii teke la kawaida.

Anayeanza, akiwa na haraka ya saa ya mashindano, anavuta tena. Risasi ya pili inakikuta kichwa cha kwanza kimeziba njia, na mtutu unaweza kupasuka mkononi. Ndiyo maana mwamuzi wa shabaha akisikia mlio wa ajabu humsimamisha mchezaji palepale. Hakuna kubishana. Mtutu unakaguliwa kwanza.

Kosa la nne: Baruti mara mbili

Hili ni pacha wa lile la tatu. Baruti nyingi za bastola hazijazi hata nusu ya ganda. Maana yake ni kwamba kipimo mara mbili kinaingia vizuri tu, na kwa nje risasi inaonekana ya kawaida. Ikilipuka, shinikizo linapita kiwango ambacho bastola imetengenezwa kukistahimili.

Tatizo hili halikuanza na bastola. Baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani, Julai 1863, bunduki zaidi ya 27,000 zilizookotwa uwanjani zilikaguliwa. Takriban 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, na nyingi kati yake zilishindiliwa zaidi ya mara moja. Askari katika kelele na hofu hakukumbuka kama ameshapiga. Mwenye gobole makini alikuwa na kinga yake: anatumbukiza mdeki na kuangalia unaishia wapi. Ukiishia juu kuliko kawaida, kuna mzigo ndani.

Mjazaji wa leo hana mdeki, ana macho. Maganda 50 hupangwa kwenye kibao chenye matundu, taa inamulikwa, na kila ganda linachunguliwa kabla ya kichwa kuwekwa. Mezani panakaa baruti ya aina moja tu. Simu inazimwa. Kujaza risasi huku unatazama Simba na Yanga ni kujitafutia kadi nyekundu.

Kosa la tano: Kichwa kinacholegea

Kichwa kisipobanwa vizuri, kinaweza kurudi ndani ya ganda wakati risasi inapanda chemba. Nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda ghafla. Kwenye risasi ndogo kama ya milimita 9, ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 19 tu, kurudi kidogo kunatosha kuleta balaa.

Kipimo chake: risasi husukumwa kwa dole gumba kwenye ukingo wa meza, kisha urefu hupimwa tena kwa kalipa. Ukipungua, risasi hiyo inatenguliwa.

Gobole lilifikaje huku?

Ukiyatazama makosa yote matano, hakuna hata moja la shabaha. Yote ni ya kutokagua. Na hapo ndipo Usinge inapoingia.

Bunduki zilipanda njia hii pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, aliwapa bunduki vijana wake wa ruga-ruga na kuwasumbua wafanyabiashara wa Tabora. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alijiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga Mirambo, mambo yakawaendea kombo. Kisha mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yaliafikiana Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, huku zile za kizamani za kushindilia zikiachiwa mlango. Hiyo ni sababu mojawapo ya gobole kuota mizizi.

Mzee wa msafara alinunua baruti aliyoijua. Gobole la leo linalofichwa porini hushindiliwa baruti isiyojulikana, kwa kipimo cha kukisia, kwenye bomba ambalo halikutengenezwa kuwa mtutu. Mjazaji mwenye mizani, kalibu na leseni bado anakosea. Huyu wa porini anacheza bila kipa.

Njia ipo

Kijana wa Usinge mwenye jicho la shabaha hajafungiwa mlango. Mkoani Tabora kuna kambi ya JKT Msange, na kulenga shabaha ni sehemu ya mafunzo ya vijana wa jeshi hilo. Jirani zetu Kenya wana uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ambako raia wenye leseni hushindana kwa bastola.

Na kwenye Olimpiki upo mchezo wa bastola usiotumia baruti kabisa. Bastola ya upepo ya mita 10 iliingia Seoul mwaka 1988. Kidonge chake kina milimita 4.5, na duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5 tu. Ndiyo hiyo iliyompa umaarufu Yusuf Dikeç wa Uturuki pale Paris 2024, yule mzee wa miaka 51 aliyepiga mkono mmoja ukiwa mfukoni, akaondoka na fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Anayeitamani aanzie polisi kuulizia taratibu, si dukani.

Wenye gobole nao wana cha kufanya. Lisifyatuliwe "kulijaribu" na wala lisifunguliwe nyumbani, maana huenda lina mzigo ulioshindiliwa na mtu ambaye hayupo tena kusema alishindilia mara ngapi. Taarifa ipelekwe polisi, waje kulichukua wenyewe. Kwenye soka mwamuzi akikosea, VAR inarudisha picha nyuma. Baruti ikishawaka, hakuna wa kuirudisha.