Mgeni wa Mwezi wa Ramadhani

Tuseme umetoka Mkumbi, katika milima ya Mbinga, ukapanda basi Songea hadi Dar es Salaam, kisha ukavuka bahari na kushuka bandari ya Malindi, Unguja. Ni saa 7 mchana, mwezi wa Ramadhani. Unabisha hodi kwa mfanyakazi mwenzako. Unapokewa kwa furaha, unapewa mahali pa kukaa, lakini hapaletwi ugali wala chai.

Kwenu Umatengoni mgeni hukaribishwa kwa chakula, na nyumba isiyompa kitu husemwa kuwa ina uchoyo. Je, umedharauliwa? La, hasha. Unguja karibu wakazi wote ni Waislamu, na wenyeji wako hawajaonja hata maji tangu alfajiri. Watakaa hivyo kwa saa 13 na zaidi, mpaka jua litue.

Hakuna anayekutaka ufunge. Uislamu wenyewe humruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine. Kwa hiyo usimhukumu hata Mwislamu utakayemwona akimeza dawa mchana. Linalotakiwa kwako ni dogo: kula na kunywa faraghani, wala usivute sigara njiani. Jambo hili si la mzaha. Mwezi Machi 2024 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu waliokula hadharani mchana. Lakini itakuwa aibu mgeni akijizuia kwa kuogopa polisi tu. Mfikirie mchukuzi wa bandarini, abebaye magunia juani huku midomo imemkauka. Huyo ndiye unayemstahi.

Mama, jitande khanga. Baba, kaptura iache nyumbani. Watoto waelezeni mapema kabla ya safari, na wakiona njaa walisheni ndani. Redio nayo ipunguzwe sauti.

Jua likizama, adhana husikika. Usitangulize mkono. Wenyeji watafungua kwa tende na maji, kisha huenda wakainuka kusali, wangoje. Ndipo futari huandaliwa: uji, muhogo wa nazi, ndizi, viazi vitamu na samaki. Ukialikwa, usikatae bila sababu, kwani kumfuturisha mwingine huhesabiwa kuwa na thawabu kubwa. Wala usiende mikono mitupu. Pakiti ya tende au kilo ya sukari yatosha. Na usiku wa manane ukisikia ngoma mtaani, usishtuke. Watu wanaamshwa kula daku.

Kwa Mkristo wa Mbinga, mambo haya si mageni sana, maana naye anaijua Kwaresima. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 ya mwezi huo huo. Majirani wa dini mbili walifunga kwa wakati mmoja. Si kila mwaka huwa hivyo, kwani Ramadhani hufuata mwandamo wa mwezi na kurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Yafaa utazame kalenda kabla ya kukata tiketi.

Na siku mwenzako huyo wa Unguja atakapokutembelea Mkumbi katika mwezi huo, usimlazimishe ugali wa saa 7 mchana ukidhani unamkirimu. Mwandalie futari jioni. Kisha, kabla ya alfajiri, katika baridi ile ya milimani, amka umwashie moto apate kula daku.