Farasi wa Laikipia wabeba watalii: nani mwingine anapata riziki?

NANYUKI, Kenya

Mtalii anayelipia siku tano za kupanda farasi kutoka ranchi hadi ranchi kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya hanunui kitanda na chakula peke yake. Ananunua pia nyasi, pumba, kazi ya saisi aliyeamka kabla ya jua, mafuta ya lori linalohamisha mahema, na haki ya kupita katika ardhi ambayo watu wameigombania kwa zaidi ya miaka mia moja. Safari hizi hutozwa mamia ya dola kwa kila siku kwa kila mgeni. Kwa wafanyabiashara wanaovuka Namanga, Busia au Moyale, swali ni moja: fedha hizo zinapita mikononi mwa nani?

Laikipia ni uwanda wa juu wenye baridi asubuhi na jua kali mchana. Lango lake ni mji wa Nanyuki, uliopo kwenye mstari wa Ikweta, takriban kilomita 200 kutoka Nairobi. Hapa ndipo zilipo ranchi kubwa za ng'ombe zilizoanzishwa enzi ya ukoloni, ambazo baadhi yake sasa zinaishi kwa miguu miwili, ufugaji na utalii.

Safari yenyewe ikoje

Njia inayojulikana zaidi huunganisha Borana na Lewa. Borana ni ranchi ambayo bado inafuga ng'ombe. Lewa, ambayo kiutawala imo Kaunti ya Meru, ilianza kama ranchi ya familia ya Craig miaka ya 1920. Mwaka 1983 sehemu yake ilitengwa kuwa kimbilio la vifaru, na mwaka 1995 ikageuzwa hifadhi. Mwaka 2014 uzio uliokuwa ukizitenganisha uliondolewa, na vifaru wakapata eneo moja la takriban ekari 93,000.

Wageni hutoka asubuhi na mapema, farasi wakifuatana nyuma ya kiongozi, na hukaa juu ya tandiko saa nne hadi sita kwa siku. Njia hupanda vilima vya Borana, ambako kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199 huonekana mawingu yakiruhusu, kisha hushuka kwenye mbuga za Lewa. Wakati huo lori limeshatangulia na mizigo, na jioni mahema yamekwisha kusimamishwa.

Kinachowavuta wageni ni ukaribu na wanyama. Gari hunguruma na kunuka mafuta, lakini farasi ni mla nyasi kama wao. Punda milia wa Grevy, wale wenye mistari myembamba na masikio makubwa, humtazama kidogo kisha wakaendelea kula. Twiga nao ni vivyo hivyo. Kwa tembo, nyati na simba mambo ni tofauti: kiongozi hupima upepo na huacha nafasi ya kutosha kukimbia. Ndiyo maana asiyeweza kutulia juu ya farasi anayekwenda mbio hapelekwi safari ya siku nyingi, na mwenye uzito mkubwa huambiwa mapema, kabla hajalipa.

Hesabu ya lishe

Farasi mwenye kilo 450 hula takriban kilo tisa za chakula kikavu kwa siku. Zizi lenye farasi 20 linahitaji kilo 180 kwa siku, yaani zaidi ya tani tano kwa mwezi. Mvua zikinyesha, sehemu kubwa hutoka malishoni bure. Mvua zikikosekana, kama ilivyotokea kaskazini mwa Kenya misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, kila marobota ya nyasi kavu na kila gunia la pumba hununuliwa.

Hapo ndipo mpaka unapoingia. Kenya hutegemea majirani kwa sehemu ya malighafi za chakula cha mifugo: mashudu ya alizeti kutoka Tanzania, na mahindi na pumba kutoka Uganda. Lakini anayetaka kuuza kwa wafuga farasi ajue jambo moja. Farasi hawezi kutapika. Mahindi yenye kuvu ambayo ng'ombe anaweza kuyastahimili humwua farasi, kwani sumu yake hushambulia ubongo. Mnunuzi wa aina hii hatazami bei tu, atafungua gunia, atanusa, na pengine atadai cheti cha maabara.

Wengi wanakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikafungua baada ya siku chache kwa masharti ya usajili wa waagizaji na vyeti. Aliyekuwa na maghala makavu na karatasi zake mkononi ndiye aliyerudi barabarani mapema.

Ng'ombe waliovuka mpaka kabla yetu

Ng'ombe wanaoonekana katika ranchi hizi kwa wingi ni Boran. Asili yao ni kwa wafugaji Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Walowezi waliwanunua, wakawachagua kwa vizazi, na mwaka 1951 wafugaji wakaunda chama cha kusajili uzao wao. Leo Boran wapo katika ranchi za Tanzania na Uganda, na viinitete vyao vimeuzwa hadi Afrika Kusini na Australia. Bidhaa iliyotoka kwa mfugaji wa mpakani imekuwa mali ya dunia, ingawa jina la mfugaji wa kwanza halimo katika daftari lolote la usajili.

Katika ranchi zenye wanyamapori, ng'ombe hulala ndani ya maboma ya vyuma yanayohamishika. Boma likihama, samadi huacha nyasi nzuri ambazo swala na punda milia huzifuata. Kwa njia hiyo ng'ombe huwatengenezea watalii mandhari wanayokuja kuyatazama.

Ardhi yenye kumbukumbu

Mgeni huelezwa sana historia ya nyumba za mawe na waanzilishi wake. Kuna historia ya kabla ya hapo. Kwa mkataba wa 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwapeleka Laikipia. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawaondoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa. Baadaye walowezi walipewa hati za miaka 999, ambazo Katiba ya 2010 ilizipunguza hadi miaka isiyozidi 99 kwa asiye raia.

Jambo hilo halijabaki vitabuni. Katika ukame wa 2017, uliogongana na mwaka wa uchaguzi, wafugaji wenye silaha waliingiza maelfu ya ng'ombe katika ranchi kadhaa. Tarehe 5 Machi 2017 Tristan Voorspuy, mmoja wa waanzilishi wa biashara ya safari za farasi nchini Kenya, aliuawa kwa risasi katika ranchi ya Sosian alipokwenda kwa farasi kukagua nyumba zilizochomwa. Wafugaji nao walipoteza watu na mifugo katika operesheni zilizofuata. Utalii ulianguka, na walioumia haraka zaidi ni saisi, wapishi na wauza nyasi.

Ndiyo maana mpango wa ranchi kwa jirani zake si suala la hisani. Ranchi inayowapa majirani malisho wakati wa kiangazi kwa makubaliano, au inayonunua ng'ombe wao kwa bei ya haki, inalinda pia njia ya farasi wake. Mfano mmoja ni Il Ngwesi, jirani wa Lewa upande wa kaskazini, ambako jamii ya Wamaasai ilifungua nyumba yake ya wageni mwaka 1996 na inaimiliki yenyewe.

Kwa anayetaka kuingia

Mzigo mdogo unaweza kupita chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: thamani isizidi dola 2,000, na bidhaa iwe katika orodha iliyokubaliwa na nchi mbili zinazopakana. Cheti cha uasilia hutolewa mpakani. Ukaguzi wa afya ya mimea unabaki palepale.

Anayefikiria kuvusha farasi mwenyewe ana kazi kubwa zaidi. Anahitaji vibali vya idara za mifugo za pande zote mbili na chanjo ya homa ya farasi, ugonjwa unaosambazwa na visubi na unaoua haraka. Penye mbung'o kuna pia nagana.

Soko lenyewe si la Kenya peke yake. Uganda ina safari za farasi katika Hifadhi ya Ziwa Mburo, na Tanzania inazo kuzunguka Arusha na Kilimanjaro. Hata hivyo, visa ya pamoja ya utalii iliyoanza mwaka 2014, ya dola 100 na siku 90, inaziunganisha Kenya, Uganda na Rwanda pekee. Mtalii anayetoka Laikipia akitaka kuendelea na farasi chini ya Kilimanjaro hulipia visa nyingine Namanga. Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa mlango wa pili hugharimu nini.