Kuumudu Mlima kwa Baiskeli

Katika barabara ya tambarare mwendesha baiskeli hushindana zaidi na hewa, kwa kuwa kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo hewa inavyomzuia kwa nguvu kubwa zaidi. Lakini barabara inapoanza kupanda, kasi hushuka, kizuizi cha hewa hufifia, na mzigo mkuu unaobaki ni uzito wa mwili pamoja na wa baiskeli, unaovutwa chini na dunia. Ndiyo maana mtu wa misuli mikubwa anaweza kuongoza katika tambarare kisha akaachwa mbali mlimani na mwenzake mwembamba ambaye kwa nguvu tupu hamfikii. Mlimani kinachoamua ni nguvu ikigawanywa kwa uzito, na nguvu hiyo hupimwa kwa wati, kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye balbu za umeme.

Mlima unaofaa kuonyesha jambo hili ni Alpe d'Huez wa Ufaransa, ulioingizwa katika mashindano ya Tour de France mwaka 1952, mwaka ambao Mwitaliano Fausto Coppi alishinda hapo. Barabara yake ina urefu wa kilomita 13.8, kona kali 21, na mwinuko wa wastani wa asilimia 8.1, yaani katika kila mita 100 za barabara mpandaji huinuka kama mita 8. Mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana jumla ya kilo 75, akitaka kupanda mwinuko kama huo kwa kilomita 10 kwa saa, anahitaji takriban wati 180, na zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nguvu hiyo huishia katika kuinua uzito. Kwa mwendo huo atafika kileleni baada ya saa moja na dakika 20 na ushei. Akinunua kwa gharama kubwa baiskeli iliyo nyepesi kwa kilo 1, ataokoa kama dakika moja tu. Fedha hiyo ni afadhali ibaki mfukoni, kwani dakika nyingi zaidi hupotea kwa kukosa kujipima.

Alpe d'Huez humjaribu mtu mapema, kwa sababu mwinuko wa mwanzoni unazidi asilimia 10, na ni hapo hasa, miguu ikiwa bado mibichi, ndipo wengi huvuka kizingiti chao, yaani kiwango cha juu cha juhudi ambacho mwili unaweza kukihimili kwa karibu saa nzima. Anayekivuka huanza kuhema, misuli yake huwaka moto, na kwa kuwa mlima haumpi nafasi ya kupumzika, hulipia haraka hiyo hadi kileleni. Kipimo chepesi ni pumzi: anayeshindwa kutamka sentensi fupi katika kilomita za kwanza na apunguze mwendo, hata kama wenzake wanatangulia. Kuachwa nyuma si kushindwa: tarehe 18 Agosti 2024, katika siku ya mwisho ya Tour de France ya wanawake, Mpolandi Katarzyna Niewiadoma aliachwa na Mholanzi Demi Vollering, lakini aliendelea kupigania kila sekunde hadi Alpe d'Huez na kutwaa taji kwa tofauti ya sekunde 4.

Gia nazo hustahili uangalifu zaidi kuliko zinavyopewa. Ikiwa gurudumu la meno la mbele na lile kubwa la nyuma yote yana meno 34, mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha tairi mara moja, na kwa mizunguko 80 kwa dakika baiskeli huenda karibu kilomita 10 kwa saa. Mwenye gia nzito, kwa mfano meno 39 mbele na 25 nyuma, atalazimika kwa kasi hiyohiyo kukanyaga kama mara 51 tu kwa dakika, kila mkanyago ukiikaza misuli na kuyaumiza magoti, na hakuna ushujaa wowote katika mateso hayo.

Chakula nacho hakingoji njaa. Katika Tour de France ya mwaka 2013, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuanza kuendesha baiskeli Kenya, aliishiwa sukari mwilini akipanda mlima huohuo, akaletewa chakula mahali ambapo kanuni hazikuruhusu, akaadhibiwa sekunde 20, ingawa hatimaye alitwaa ubingwa. Katika safari inayozidi saa moja na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ambazo hata ndizi na maji yenye sukari hutoa, huwatosha wengi.

Anayetaka kuendelea na achague mlima mmoja wa karibu, aupande mara moja au mbili kwa wiki kwa juhudi iliyo chini kidogo ya kizingiti, siku nyingine aendeshe polepole kwa muda mrefu, apumzike vya kutosha, na aandike muda wake kila mara. Na kabla ya kushuka akague breki.