Kuwasikiliza Watu Bila Kuwaumiza: Maadili ya Utafiti Katika Miradi Yetu



Kila mradi unapoanza na unapofikia tathmini, tunatembelea kaya, tunafanya mahojiano na kuketi na vikundi. Takwimu hutuambia ni watu wangapi. Masimulizi hutuambia wanaishije. Lakini mjane anapoeleza jinsi alivyonyang'anywa shamba, anafungua kidonda, na shemeji zake bado ni majirani zake. Maneno yake yakivuja, atakayeumia ni yeye.

Jambo hili limewagusa wengi. Mwaka 2010 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya wazee wa Kisani wa Namibia. Viongozi wa Wasani walilalamika kwamba hawakushirikishwa na kwamba baadhi ya maneno yaliyoandikwa yaliwadhalilisha. Mwezi Machi 2017 Wasani wa Afrika Kusini walitangaza kanuni zao wenyewe kwa watafiti: heshima, ukweli, haki na usawa, kujali, na kufuata utaratibu. Kujali, kwao, ni utafiti kulenga mahitaji ya jamii na kufanywa kwa uangalifu kwa wote wanaohusika.

Kwa kamati za sharika, tunashauri yafuatayo:

1. Ridhaa. Mhusika aelezwe kwa lugha anayoielewa. Anaweza kukataa au kuacha katikati, na msaada wake usiguswe.

2. Siri. Majina yasikae pamoja na majibu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

3. Kujali. Machozi yakija, maswali yasimame. Kabla ya mahojiano, kamati ipange nani atamtembelea mhusika baadaye: mchungaji, mwinjilisti au mzee wa kanisa.

4. Mrejesho. Tulichoandika kirudi kisomwe kwa wenyewe, wakisahihishe.

Kwa wafadhili wetu: kuomba picha na simulizi ni haki, maana mnataka kujua sadaka zenu zimefanya nini. Hata hivyo, mara nyingine mtapata taarifa yenye jina lililobadilishwa, bila kutaja kijiji, au bila picha kabisa. Matumizi ya fedha yataonyeshwa kikamilifu kama kawaida. Msaada hautolewi kama malipo ya simulizi, na mtu mwenye shida ana haki ya kunyamaza.