Springi ikivunjika: lipi ufanye mwenyewe, lipi umwachie fundi



Mwanafunzi kuwa na gari la michezo inasikika kama anasa. Lakini hapa Uingereza Mazda MX-5 ya zamani, ile ya viti viwili na turubai la kufunua, ni moja ya magari machache ya aina hiyo ambayo mtu wa mfuko mdogo anaweza kuyafikia. Toleo la kwanza lilitengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997, la pili likafuata hadi 2005. Gari la umri huo ni kama mzee: linapendeza, lakini viungo vinauma. Na kiungo kinachosumbua sana katika nchi hii ni springi.

Langu liliniaibisha asubuhi moja ya Februari. Nilipita kwenye shimo dogo tu, nikasikia "kwang!" upande wa kushoto mbele. Nikasimama, nikatazama. Kulia, kati ya tairi na madgadi, vidole vinne viliingia. Kushoto viliingia viwili kwa shida. Nikamulika tochi: mkunjo wa chini kabisa wa springi umekatika, kipande hakipo. Bei niliyotajiwa gereji ingekula chakula changu cha miezi miwili. Nikakaa chini kufikiria.

Kwanza, kwa nini inakatika? Kwetu springi huchoshwa na mashimo na mizigo. Hapa adui mkubwa ni chumvi. Majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili zisigande barafu. Kokoto hubandua rangi ya springi, maji ya chumvi yanaingia, kutu inachimba vishimo vidogo, na ufa unaanzia hapo hapo. Mara nyingi ni mkunjo wa chini, kwa sababu ndiko uchafu unakokaa. Siku ya siku, tuta moja tu, kwisha.

Pili, usiendelee kuendesha. Najua wapo wanaosema "bado linatembea". Ncha iliyokatika ni kali, inaweza kupasua tairi ukiwa kwenye barabara kuu. Gari lenye springi iliyovunjika halipiti ukaguzi wa kila mwaka, yaani MOT, na ukikutwa unaendesha gari la hatari, sheria inaruhusu faini ya hadi pauni 2,500, pointi 3 kwenye leseni, hata kufungiwa kuendesha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwenye MX-5 kila tairi hushikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini. Katikati yake anasimama shokapu, naye amevalishwa springi kama shati. Springi inabeba uzito, shokapu inatuliza mtikisiko. Kwa hiyo hutoi springi peke yake. Unatoa vyote viwili pamoja, halafu ndipo unavitenganisha mezani. Hizo ni kazi mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo siri ya makala hii.

Kazi ya kwanza, kutoa na kurudisha, unaiweza ukiwa na vifaa na rafiki mmoja. Siku moja kabla, pulizia nati na bolti zote mafuta ya kulegeza kutu. Egesha mahali tambarare, weka vigingi tairi za nyuma, legeza nati za tairi, piga jeki, kisha laza gari juu ya stendi za chuma. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Toa tairi. Fungua linki ya stabilaiza, kisha bolti inayoshika shokapu kwenye mkono wa chini, mwisho nati mbili za juu ambazo utaziona ukifungua boneti. Ile nati moja ya katikati, USIIGUSE. Mbele nafasi ni finyu, hivyo mara nyingi itabidi ufungue ama boljointi ya chini ama bolti ndefu ya mkono wa juu. Funga kitovu cha tairi kwa waya kisije kikaning'inia kwenye mpira wa breki.

Kazi ya pili ni kubadilisha springi kwenye shokapu. Hapa, ndugu yangu, weka spana chini. Ile nati ya katikati ndiyo inayozuia springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa mno. Ukiifungua hivi hivi, springi inaruka kama risasi, na mtu anaweza kupoteza jicho, taya, au uhai. Klampu za kubania springi zinauzwa, lakini zile za bei chee huteleza, na kwenye springi yenye kutu huteleza zaidi. Mimi nilizibeba shokapu zangu mbili kwa basi hadi gereji, pamoja na springi mpya. Fundi ana mashine ya kubania iliyofungwa ukutani. Alimaliza kabla chai yangu haijapoa, na alinitoza sehemu ndogo tu ya bei ile ya kwanza.

Ndiyo, nimesema mbili. Springi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, la sivyo gari litainama na kuyumba ukifunga breki. Ukishachukua mzigo wako, hakikisha ncha ya springi imekaa kwenye kituo chake na raba za juu hazijachanika.

Wakati wa kurudisha, wengi hukosea hapa: bolti zinazopita kwenye bushi zikaze nusu tu gari likiwa juu. Zikaze kabisa tairi zikiwa zimebeba uzito. Ukizimaliza hewani, bushi zitajipinda gari likishuka na zitachanika mapema. Vipimo vya kukaza fuata kitabu cha gari. Nati za tairi mimi hukaza Nm 100, na huzirudia baada ya maili 50. Mwisho, peleka gari likapimwe alaimenti, usije ukala tairi mpya kwa mwezi.

Hesabu yangu ni rahisi. Jasho nililitoa mwenyewe, nikaokoa pesa nyingi. Dakika zile chache za hatari nilizilipia, na sijutii hata senti. Wazazi wetu hawakutusindikiza uwanja wa ndege ili turudi na jicho moja kwa sababu ya springi.

Barabara njema, wapendwa.