Mkulima, Je, Injini ya Gari Lako Yapumua?

Mkulima wa Shimba Hills, upelekapo machungwa yako soko la Marikiti, karibu na Makadara mjini Mombasa, wajua taabu ya foleni ya feri ya Likoni. Gari husimama huku injini ikinguruma, na jua ni kali. Injini isiyopumua vizuri huumia zaidi hapo.

Petroli iwakapo, moshi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni ukashuka mahali pa oili. Zamani moshi huo ulitolewa nje kwa bomba. Tangu miaka ya 1960 magari yalianza kufungwa valvu ndogo ya kupumulia, ambayo huurudisha moshi ndani ya injini ili uchomwe.

Valvu ikiziba, moshi hukosa njia. Oili husukumwa ikavuja kwenye sili, na iliyobaki hugeuka kuwa utope. Ikikwama wazi, injini hutetemeka gari lisimamapo.

Angalia dalili hizi: oili kupungua upesi, moshi wa buluu, oili ndani ya kichujio cha hewa, au utope chini ya kifuniko cha kutilia oili.

Kagua valvu kila ubadilipo oili. Kwanza, zima injini uiache ipoe. Chomoa valvu uitikise. Nyingi zikiwa nzima hulia kwa ndani. Ikiwa kimya, huenda imekwama. Pili, iache kwenye mpira wake, washa injini, uweke kidole mdomoni mwa valvu. Ukisikia kidole kinavutwa, njia ni wazi. Usipovutwa, mpira au valvu imeziba. Jihadhari na feni na mkanda wake. Tatu, tazama mpira: ukipasuka, ubadili pia.

Hata bila dalili, mafundi wengi hushauri valvu ibadilishwe kati ya kilomita 50,000 na 100,000. Fuata kitabu cha gari lako. Ikiwa gari lako hubeba mizigo kwenye vumbi au hukaa sana kwenye foleni, usingoje hesabu ifike mwisho. Injini nyingi za dizeli zina mpango mwingine, muulize fundi.

Bei ya valvu ni ndogo. Gharama ya kufungua injini yaweza kumeza faida ya msimu mzima, na machungwa hayangoji fundi. Basi, kagua leo kabla ya mavuno.