Feleji na Makali Yake: Kisu cha Turkana, Kisu cha Pwani

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na neno la heshima kwa chuma kilicho bora: feleji. Leo neno hilo limekuwa adimu vinywani mwetu, na badala yake twakuta kwenye bapa za visu na pakiti za nyembe maneno mageni: kromiamu, molibdeni, vanadi, tungsteni. Mnunuzi huyasoma, asiyaelewe, akalipa. Ni vyema tuyafahamu, kwani hakuna nyumba isiyo na kisu wala wembe, na vyombo hivyo ndivyo tunavyovishika tunapochinja na tunapomnyoa mtoto nywele za uzaliwa siku ya saba.

Tumeichagua Turkana iwe darasa letu. Watu wake ni wafugaji wa mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, na kwao kisu kilikuwa kama kiungo cha mwili. Wanaume wa Kiturkana walivaa kifundoni mwa mkono kisu cha duara mfano wa bangili, ukingo wake wa nje ukiwa makali, nao ukifunikwa kwa ala ya ngozi ili mvaaji asijikate. Kilikatia nyama, nacho kilikuwa silaha. Chuma chenyewe kilifika kwa biashara. Wahunzi wa Labwor, upande wa Uganda, walikuwa miongoni mwa waliowapelekea. Nasi wa Pwani si wageni wa habari hii, kwani al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kuwa chuma kilikuwa chumo kubwa la watu wa Malindi.

Chuma kitupu ni laini. Hukubali kunolewa, lakini makali yake hayakai. Kinachokigeuza kuwa chuma cha pua ni kaboni, ile ile iliyomo katika makaa. Kisu cha kawaida huwa na kaboni baina ya nusu asilimia na asilimia moja. Mhunzi hukipasha moto kikawa chekundu, kisha hukichovya ghafula katika maji au mafuta, nacho huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Basi hukirudisha kwenye moto mdogo ili kipunguze ukali wa tabia yake. Ugumu na ustahimilivu havipatikani vyote kwa ukamilifu. Kila kisu ni suluhu baina ya viwili hivyo.

Barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar, hata Kakuma na Lokichoggio, ni njia ya malori. Na springi ya lori iliyovunjika ni mali kwa mhunzi yeyote wa Afrika Mashariki. Chuma cha springi kwa kawaida huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, pamoja na kiasi kidogo cha manganizi, silikoni au kromiamu. Manganizi na kromiamu hukisaidia kugumu mpaka ndani kinapochovywa, na silikoni hukipa nguvu ya kurudi kikipindwa. Kwa hiyo panga lililofuliwa kwa springi si kitu cha kudharauliwa. Hunoleka kwa jiwe, na likigonga mfupa halipasuki upesi.

Sasa tuje kwa tungsteni. Madini haya hayayeyuki mpaka moto ufikie nyuzi 3,422 za Selsiasi, kiwango kipitacho madini mengine yote ya chuma na shaba tuyajuayo. Yakichanganywa na chuma chenye kaboni, hufanya punje ndogo ngumu mno ziitwazo kabidi. Punje hizo hukaa ndani ya chuma kama mawe ndani ya zege, na kinachosuguana nazo huchakaa kabla yao. Mwingereza Robert Mushet alitengeneza chuma cha tungsteni mwaka wa 1868, na mwishoni mwa karne hiyo Taylor na White wa Marekani wakakiendeleza mpaka kikawa chuma cha kukatia vyuma vingine. Aina yake mashuhuri ina tungsteni asilimia 18, kromiamu 4 na vanadi 1, na hubaki kigumu hata kikipata moto wa nyuzi 600.

Je, sifa hiyo yamfaa mama jikoni? Kwa sehemu ndogo tu. Hakuna kitunguu wala paja la mbuzi litakalokipasha kisu nyuzi 600. Faida ibakiayo ni ile ya kutochakaa upesi, ndiyo maana baadhi ya mafundi wa Japani hutia tungsteni asilimia moja au moja na nusu katika visu vyao vya jikoni. Lakini kila faida ina gharama yake: kisu kisichochakaa upesi ndicho hicho hicho kisichonoleka upesi. Aliye na jiwe la mtoni tu atakesha akikinoa. Wala mhunzi wa makaa hawezi kukirekebisha kwa urahisi, kwani chuma cha tungsteni nyingi hutaka moto wa nyuzi 1,200 na zaidi ndipo kigumu sawasawa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kuwa tungsteni kidogo namna hiyo haizuii kutu. Kazi hiyo ni ya kromiamu. Ikifika asilimia 10.5 au zaidi, hujifanyia utando mwembamba usioonekana unaokilinda chuma. Harry Brearley wa Sheffield ndiye aliyekitengeneza chuma cha aina hiyo mwaka wa 1913, na visu vya mezani vikafuata. Hapa mahali pana neno lake. Lodwar ni pakavu, mvua yake kwa mwaka ni takriban milimita 200, na kisu cha kaboni kikipanguswa vizuri hudumu huko bila kutu nyingi. Kilete Lamu au Mombasa, penye hewa ya chumvi, na asubuhi utakikuta kimepaka wekundu. Kilicho bora Turkana si lazima kiwe bora kwetu.

Wembe nao una hesabu yake. Ncha yake ni nyembamba mno, na punje kubwa za kabidi zikikaa hapo hung'oka na kuacha mapengo. Kwa sababu hiyo wembe wa leo hauhitaji tungsteni nyingi; kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13 na kaboni karibu asilimia 0.65, chenye punje ndogo zilizotawanyika sawasawa. Hata hivyo, watafiti wa MIT nchini Marekani walionyesha mwaka wa 2020 kuwa unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma, huweza kuumega wembe pale ambapo chuma chake hakilingani ugumu. Ndiyo sababu wembe mpya huchoka baada ya kunyoa mara chache.

Hapa ndipo penye hatari. Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, leo ina wakimbizi wa Somalia, Sudan Kusini, Kongo na kwingineko, pamoja na makazi ya Kalobeyei jirani yake. Mahali penye watu wengi na fedha chache, kutumia wembe mmoja kwa vichwa viwili ni kishawishi, nasi Pwani hatukusalimika nacho. Wembe usioshika kutu si wembe usio na maradhi. Kromiamu haiui virusi vya homa ya ini wala vya ukimwi. Kichwa cha mtoto mchanga kina haki ya wembe wake mpya, nao utupwe penye usalama ukishatumika.

Basi tunapokwenda dukani, tuulize haya. Kisu cha jikoni la Pwani na kiwe na kromiamu ya kutosha. Kisu cha kuchinjia na kiwe kile tunachoweza kukinoa wenyewe kikawa kikali kweli, kwani dini yetu imetuamrisha kumpumzisha mnyama, na ukali wa makali una thamani kuliko jina lililochongwa kwenye bapa. Kinolewe kwa kinoo na maji, tena mbali na macho ya mnyama. Tusimwachie fundi wa mashine akisukume mpaka makali yageuke rangi ya samawati, maana rangi hiyo ni dalili kuwa moto umekwisha kukilainisha chuma. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye kisu cha bei.